Radi Mbili, Alama Sita

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua imefunguliwa nao. Darasa langu limeezekwa bati, na bati likishaanza kupigwa, mwalimu hana sauti. Nimeandika ubaoni vipindi vitatu kama bubu. Daftari hili nimelianza kwa ajili ya mambo ya kazi tu. Mke wangu ameliona akauliza kama naandika wosia. Nimemjibu kwamba nikiandika wosia atakuwa wa kwanza kucheka.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu wa kufundisha fizikia, na wa kumi na moja tangu kijitabu changu kianze kutumika katika shule zote tano za eneo letu. Jalada lake ni la kijani, kwa hiyo chenyewe kinaitwa Kijani, na mimi wanafunzi wananiita Mzee Kijani wakidhani sisikii. Nasikia vizuri sana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mwalimu Mpya, dada wa miaka ishirini na kitu, amechelewa, ameomba radhi, amecheka. Yuko nasi mwaka wa pili sasa lakini jina limemganda. Anafundisha fizikia mkondo wa pili, na kila nikipita dirishani kwake naona watoto wanabishana badala ya kuandika.

Ijumaa, 8 Machi

Tangazo limebandikwa. Chuo cha sayansi kitachukua mwanafunzi mmoja kutoka shule zetu tano. Mmoja tu, asome miaka minne bila ada. Kutakuwa na mitihani miwili ya fizikia: duru ya kwanza tarehe 19 mwezi huu kwa wote wanaotaka, kisha kumi bora wataingia duru ya pili tarehe 16 Aprili. Alama za duru zote mbili zitajumlishwa. Mwongozo wa kusahihisha nitauandaa mimi, kama kawaida, kwa kuwa maswali yote yanatoka kwenye Kijani.

Binti amelisoma lile tangazo mara tatu, nimemhesabu. Binti ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Tunaye tangu ana miaka tisa na sasa anayo kumi na saba. Nyumbani mimi ni Baba Mdogo, shuleni ni Mwalimu, na hajawahi kuchanganya hata siku moja. Kaka aliacha shule mwaka ule ule nilioingia sekondari, kwa sababu nyumba yetu haikuweza kubeba wawili, na mwenye kichwa alikuwa yeye. Nilibebwa mimi. Nafasi hii ni ya Binti na lazima aipate. Nikishindwa hili, sijui nitamwambia nini kaka hata huko aliko.

Kwenye karatasi huandikwa namba, si majina. Hakuna wa kusema nimempendelea.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimefundisha ukurasa wa arobaini na moja, somo nilipendalo kupita yote. Treni inapita stesheni bila kusimama. Radi mbili zinapiga, moja kwenye kichwa cha treni, moja kwenye mkia, na kila moja inaacha doa la kuungua kwenye treni na doa jingine kwenye jukwaa. Mtu aliyesimama jukwaani, katikati kabisa ya madoa mawili, anaona miale yote miwili kwa pamoja. Abiria aliyeketi katikati ya treni anauona wa mbele kwanza, kwa maana treni inamkimbiza kuelekea ule wa mbele na kumtoa mbali na ule wa nyuma. Hapo Kijani kinamalizia: "Abiria amedanganywa na ucheleweshaji wa mwanga. Ukweli ni wa yule aliyesimama: radi zilipiga kwa wakati mmoja."

Sentensi hizo niliziandika mwenyewe na huwa nazisoma kwa sauti ya msikitini na kanisani kwa pamoja. Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani kasema aliyesimama ni yule wa stesheni?"

Nikamwambia stesheni haina magurudumu. Darasa zima likacheka, mvua ikaongeza kasi, mjadala ukaishia hapo.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Paa la maabara linavuja juu ya kabati la mizani. Ndoo mbili.

Jumamosi, 16 Machi

Nilikuwa barazani nasoma gazeti la juzi, mke wangu yuko kwenye cherehani yake, Binti akaja na rula na vifungo vitatu vya shati.

"Baba Mdogo, naomba dakika tano."

"Za fizikia au za adabu?"

"Za fizikia."

Akaweka rula mezani, ndiyo treni. Kifungo kila ncha, ndiyo madoa ya radi. Kifungo katikati, abiria. Akanitazama kwa macho yale ya kaka, yasiyopepesa.

"Abiria ana mita kumi mbele yake na mita kumi nyuma. Anaweza kuinuka akapima, madoa yapo hapo hapo kwenye treni. Sawa?"

"Sawa."

"Na mwendo wa mwanga ni mmoja kwa kila mtu, hata aliye kwenye treni. Uliandika ukurasa wa thelathini na nane."

"Najua nilichoandika."

"Basi kwake yeye miale imesafiri umbali sawa kwa mwendo sawa. Imechelewa sawa. Sasa toa huo ucheleweshaji pande zote mbili. Bado wa mbele umefika kwanza. Kwa hiyo kwake yeye radi ya mbele ilipiga kwanza. Hajadanganywa, Baba Mdogo. Ameshatoa muda wa safari, tofauti imebaki pale pale."

Nikamwambia abiria anasahau kwamba treni inatembea.

"Kwake haitembei. Kwake inayotembea ni stesheni."

"Na nani kakufundisha haya?"

Akasogeza kifungo cha abiria. Nilijua: Mwalimu Mpya ana kikundi chake cha Jumamosi asubuhi. Nikasema kuna watu wakisoma makala mbili wanataka kuwafundisha waliowatangulia kazini. Binti akakusanya vifungo vyake. Kimoja kilianguka chini ya cherehani na mke wangu akakiokota, akasema bila kuinua macho, "Mtoto kauliza swali la radi, wewe unajibu la watu." Nikarudi kwenye gazeti langu la juzi.

Jumanne, 19 Machi

Duru ya kwanza. Watoto mia moja na nane. Swali la tano: treni na radi mbili, alama sita.

Alhamisi, 21 Machi

Siku mbili za kusahihisha. Tunakaa meza ndefu, kila mwalimu na swali lake, karatasi zinapita mkono kwa mkono. Nikishatoa alama kwa kalamu nyekundu, aliye kushotoni kwangu anahakiki kwa kalamu ya kijani. Sheria ni moja: kisichomo kwenye mwongozo hakina alama, na kilichokatwa na mwanafunzi hakisomwi. Swali la tano ni langu miaka yote.

Karatasi ya arobaini na kitu, nikaona mwandiko. Hizo herufi zinazolalia kulia nimezisaini kwenye madaftari miaka minane. Alikuwa ameandika ukurasa mzima: mita kumi, mita kumi, mwendo mmoja, "kwa hiyo wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa saa zake". Nzuri, safi, hakuna neno la kupoteza. Nikatafuta kwenye mwongozo wangu mahali pa kuiweka, hapakuwepo.

Sifuri. Sikusita, naandika hili ili nisije nikajisingizia baadaye. Karatasi nyingine moja tu ilikuwa na jibu kama lake, mwandiko wa mvulana, sijui wa shule gani. Nayo nikaipa sifuri, kwa haki sawa.

Jumamosi, 23 Machi

Mke wangu na Binti wamekwenda sokoni. Mvua ilikatika asubuhi, nyumba ikawa kimya, na mimi nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu nikiandike Kijani: niliketi kwenye kiti cha abiria.

Nilichukua penseli, nikaandika kama mwanafunzi. Madoa mawili, mita kumi kila upande. Mwendo wa mwanga mmoja. Nikapiga hesabu, ikatoka kama alivyosema. Nikasema nimeruka hatua. Nikarudia, nikaanzia jukwaani safari hii, nikageuza vipimo vyote kuwa vya treni kwa kanuni zile zile ninazowakaririsha watoto. Ikatoka vile vile. Mara ya tatu niliifanya taratibu mno, nikiomba nikosee mahali. Sikukosea.

Niandike wazi, maana sina mwingine wa kumwambia. Miaka kumi na moja nimefundisha kwamba kuna saa moja kubwa ya dunia nzima, na kwamba atakayeona tofauti nayo amechelewa kupata habari. Nilidhani ajabu ya nadharia hii ni kwamba mwanga unachelewa kufika. Lakini mwanga kuchelewa si ajabu yoyote. Hata sauti ya shoka inachelewa, na mtoto mdogo anaweza kuuondoa ucheleweshaji huo kwa hesabu ya kutoa. Ajabu ni kwamba ukishauondoa wote, bado abiria na mtu wa stesheni hawakubaliani, na hakuna wa tatu wa kuwaamua. Kwa mmoja radi zilipiga pamoja. Kwa mwingine ya mbele ilitangulia. Hakuna aliyedanganywa. Neno "pamoja" lenyewe halina maana mpaka useme ni pamoja kwa nani.

Na mimi nimechagua nani mwenye ukweli, nikamweka stesheni, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nimesimama.

Nimehesabu pia watoto. Shule tano, miaka kumi na moja. Nikaacha kuhesabu.

Waliporudi nilikuwa nimeshaificha ile karatasi. Binti alileta machungwa, akanimenyea moja. "Shikamoo Baba Mdogo, mbona umekaa gizani na dirisha lipo?" Nikaitikia marahaba, nikala chungwa.

Jumanne, 26 Machi

Matokeo ya duru ya kwanza. Binti amepita, ni wa sita kati ya kumi. Angepata zile sita angekuwa wa kwanza. Mkuu wa shule amenipa mkono wa pongezi kwa malezi.

Alhamisi, 28 Machi

Amekuja ofisini kwangu, kwa hiyo nilikuwa Mwalimu.

"Mwalimu, nilikosa swali la tano lote?"

"Lote."

"Kwa sababu ni kosa, au kwa sababu halimo kwenye Kijani?"

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi. Mlango umefungwa, mvua inapiga bati, hakuna ambaye angesikia. Ningesema maneno matano tu. Nikavimba.

"Ukitaka kwenda chuo, andika kilichomo kwenye Kijani. Ukitaka kubishana, baki hapa ubishane."

"Nikiandika hivyo nitakuwa nasema uongo."

"Mtihani si kiapo."

Akasema, "Mimi siwezi, Mwalimu," kwa sauti ndogo, kama anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Kaka alikuwa hivyo hivyo. Ungempiga mpaka fimbo ivunjike, asingesema jua limechomoza magharibi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mwalimu Mpya amenifuata chumba cha walimu, wenzetu wakiwa wametoka. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi kilichopigwa chapa, ukubwa wa kiganja.

"Mzee wangu, samahani. Ni kuhusu ukurasa wa arobaini na moja. Nimeandika sahihisho dogo, linaweza kubandikwa juu ya zile sentensi mbili za mwisho. Jina langu sijaweka. Ukipenda, watu wajue umelifanya wewe mwenyewe."

Nililisoma. Lilikuwa bora kuliko ambavyo ningeliandika mimi, na fupi. Nikamuuliza amefundisha miaka mingapi. Akasema miwili. Nikamwambia akifikisha kumi aje tuzungumze. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema tu, "Sawa, mzee wangu, nakuachia," akakiweka mezani.

Nimekiweka humu ndani ya daftari.

Jumamosi, 6 Aprili

Binti hajanuna. Laiti angenuna. Anasalimia, anapika, anaosha, anapiga pasi sare yake, na akimaliza anakwenda chumbani kusoma. Maswali hakuna. Chakula cha mchana tulikula kama wapangaji watatu. Mke wangu akasema, "Zamani nyumba hii ilikuwa na kelele, nikawa nalalamika. Mungu anisamehe."

Baadaye akanivuta jikoni. "Umemfanya nini mtoto?"

"Ni mambo ya mtihani."

"Wewe ukikosea huwa unakunja mikono ya shati. Umekunja wiki mbili sasa."

Nikaikunjua mbele yake. Alicheka, lakini si kwa furaha.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepita dirishani kwa Mwalimu Mpya na leo nikasimama. Watoto wawili wamesimama juu ya madawati, mmoja ndiye stesheni, mwingine ndiye treni, wanatupiana maneno, darasa linaamua. Hajachelewa hata siku moja tangu mwezi ule. Au labda hata siku ile alichelewa kwa sababu ya mvua na mimi nikataka awe mvivu. Wanaelewa, watoto wake. Wangu wanakariri, na wanakariri vizuri mno.

Nimeamua. Jumanne, tukiwa tunapitisha mwongozo wa duru ya pili, ambamo treni na radi zimo tena, nitasema. Sitamwambia Binti, kwa sababu anayeandaa mwongozo haruhusiwi kuzungumza na mtahiniwa juu ya jambo lililomo, na sheria hiyo niliitunga mimi. Tena hakuna haja ya kumwambia. Yule ataandika ukweli hata akiwekewa kisu. Kitu pekee kinachotakiwa kubadilika ni mwongozo.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imepungua. Nimemtakia heri ya kesho. Amesema asante Baba Mdogo.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefanya, na mwili mzima umekuwa mwepesi. Naandika yote.

Wale kumi waliingia darasani saa tatu kamili asubuhi. Sisi walimu watano tulifungiwa maabara, ng'ambo ya uwanja, kama ilivyo kawaida: simu zetu zinawekwa kwenye boksi la chaki, mlango unafungwa na ufunguo anakaa nao Mkaguzi wa shule za eneo letu, anayefungiwa humo pamoja nasi, na mwongozo unasomwa swali kwa swali wakati watoto wenyewe wanaandika, ili usivuje hata neno. Hatufunguliwi mpaka karatasi zikusanywe saa sita.

Tulipofika swali la tano nilisimama. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Niliitazama kwa sababu sikutaka kuwatazama wao.

"Ukurasa wa arobaini na moja una kosa," nikasema.

Mkaguzi akavua miwani. "La mpiga chapa?"

"La mwandishi."

Nikatoa kile kikaratasi cha Mwalimu Mpya, nikakisoma, nikasema kimeandikwa na nani. Yeye akainamisha kichwa. Nikaeleza kwa rula na vifungo, kama nilivyoelezwa. Mwalimu wa shule ya tatu, ambaye amekuwa akinionea wivu tangu ujana wetu, alisema, "Kwa hiyo miaka yote hii, mzee?" Nikasema ndiyo, miaka yote hii. Ajabu, haikuuma kama nilivyoogopa.

Mkaguzi ni mtu wa busara, nilimdharau bure. Akasema, "Duru ya kwanza imeshatangazwa, hatuifufui. Kwa leo, tukubali majibu yote mawili. Watoto wamefundishwa kwa Kijani, kosa si lao."

Hilo lilikuwa jambo la haki, na kila mtu mezani alitikisa kichwa kukubali isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Binti alikuwa nyuma kwa sababu ya zile sita. Jibu la Kijani likipewa alama, wote watapata sita na yeye atabaki pale pale alipo. Likinyimwa, atapata yeye na wachache, atawapita. Naandika wazi: nilisimama kusema ukweli, na ulipokuwa bado mdomoni nikaona unafaa kwa mtoto wangu, nikaunoa.

"Hapana," nikasema. "Kosa ni kosa. Jibu la Kijani sifuri. Hata nusu asipewe mtu."

Mwalimu Mpya alisema taratibu, "Mzee wangu, si tutawaonea?"

"Fizikia haina huruma, binti yangu."

Mkaguzi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha ikaandikwa, tukasaini wote watano, sahihi yangu ya kwanza. Saa sita mlango ulipofunguliwa nilimwona Binti ng'ambo ya uwanja, anatembea peke yake chini ya mwavuli. Nilimpungia mkono na yeye akapunga.

Jumatano, 17 Aprili

Karatasi kumi tu, kazi ya asubuhi moja. Mwalimu Mpya alikaa kushotoni kwangu na kalamu yake ya kijani.

Ya kwanza, Kijani. Sifuri. Ya pili, Kijani. Sifuri. Ya tatu ilikuwa ya yule mvulana wa duru ya kwanza, jibu sahihi, lina makosa ya tahajia tele, nikampa sita zake. Mwalimu wa shule ya pili akacheka, akasema huyo ni wake, kitabu chake kilinyofolewa ukurasa wa arobaini na moja na mdogo wake aliyetengeneza tiara ya kurusha, ikabidi afikiri mwenyewe. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na moyo wa kucheka.

Ya tano ulikuwa mwandiko unaolalia kulia.

Juu kulikuwa na mistari miwili iliyokatwa kwa rula, kwa wino mzito, haisomeki. Chini yake: "Abiria amedanganywa na ucheleweshaji wa mwanga. Ukweli ni wa yule aliyesimama: radi zilipiga kwa wakati mmoja." Nukta zangu, mkato wangu, kila kitu changu.

Nilisoma tena. Nikageuza karatasi nyuma, labda kuna maelezo. Hakuna.

"Mzee wangu," Mwalimu Mpya akanong'ona, "hiyo si sifuri?"

Aliuliza kwa upole. Hakujua ni ya nani.

"Ni sifuri," nikasema, nikaiandika. Akaipitisha kwa kijani.

Wakati wa chai nilimfuata Mkaguzi nje, nikamwambia nimefikiri upya, wazo lake la kukubali majibu yote lilikuwa la haki. Alishusha kikombe. "Mwalimu, jana nilikufungulia mlango ukaufunga mwenyewe, ukasaini. Leo umeona karatasi ndipo unataka ufunguliwe?" Alimalizia chai yake akarudi ndani.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua imekwisha kabisa. Jua kali, watoto wamejazana ubaoni kusoma matokeo.

Nafasi ameipata yule mvulana wa kitabu kilichonyofolewa. Binti ni wa pili. Mvulana amempita kwa alama tano.

Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kuliko ile ya treni, na yenyewe pia inatoka vile vile kila mara. Binti angeacha mistari yake miwili bila kuikata, angemshinda kwa moja. Mimi ningekaa kimya nisiuguse mwongozo, angemshinda kwa saba. Mmoja wetu, yeyote, angebaki kama alivyokuwa, Binti angekuwa anafungasha sasa.

Nilimkuta nyumbani barazani, anapiga pasi sare, ingawa shule imefungwa leo kwa likizo na sare haina kazi. Mke wangu alituona, akachukua kikapu akatoka.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba." Nikakaa. "Umesikia."

"Mwalimu Mpya kanieleza. Amesema ulisimama mbele ya wote ukasema kosa ni lako." Alikunja mkono wa sare, akaunyoosha. "Amesema ulikuwa jasiri."

Nikamwuliza kwa nini. Sikuweza kumalizia swali, lakini alilielewa.

"Uliniambia nikitaka kwenda, niandike kilichomo kwenye Kijani. Nilitaka sana kwenda, Baba Mdogo."

"Lakini ulisema huwezi."

"Nilijifunza. Wiki tatu nilijifunza kuweza." Aliiweka pasi pembeni, ikitoa mvuke. "Ulibadilisha lini?"

"Jumanne. Saa nne na robo."

Alifikiri. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Hata mimi nilikuwa swali la tano," akasema. "Nilikuwa nimeshaandika lile jibu la kweli, mistari miwili. Halafu nikasema, Baba Mdogo namjua, hawezi kubadilika. Nikaikata."